Niulizeni Madoa

Wanaokuja huuliza matokeo.
Matokeo yapo juu, kwenye kibao cha shaba karibu na mlango:
mwaka hamsini na saba, michezo tisa, ushindi tisa,
Chuo cha Halvorsrud, Dakota ya Kaskazini,
wanafunzi mia nne na ng'ombe wa maziwa kumi na wawili.
Mimi niulizeni madoa.

Nilikuwa chini, chumba cha boila,
Ardis Kvamme, mfuaji, senti themanini kwa saa.
Kila Jumamosi usiku jezi arobaini na moja
zilinishukia ngazini ndani ya magunia ya viazi.
Sikuwahi kuuona mchezo hata mmoja.
Niliusoma.

Udongo wa bonde letu ni mweusi, hunata kama deni.
Walipotoka ugenini Garnet Butte
walirudi na chokaa tupu magotini:
maana yake walizuia palepale mstarini mwao,
maana yake yadi moja ilibaki, haikupitika.
Nilijua kabla ya gazeti la Jumatatu.

Kumi na nane, Delmar Tveit, mrusha mpira,
mgongo wake msimu mzima haukuona tope.
Wakamwandika: mkono wa dhahabu.
Mimi nikageuza sitini na sita, nikageuza sabini na moja,
wale wanene waliosimama mbele yake,
kwapa zimechanika, damu ya pua imekauka mikononi,
na chumvi ya jasho imechora ramani za nchi nisizozijua.
Damu hufuliwa kwa maji baridi. Ya moto huipika.
Hilo hakuna kocha aliyeniuliza.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Labda.
Mimi niliubeba usufi huo ukiwa umelowa.

Na arobaini na tatu.
Lowell Ostby, mwana wa mchunga nyuki wa Arneson,
jezi yake ilirudi kama ilivyokwenda,
mikunjo ya pasi yangu bado imesimama.
Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita.
Ningeweza kuirudisha kabatini bila kuilowesha.
Niliifua.
Nilimwaza akiifungua Jumamosi asubuhi,
akinusa sabuni ileile wanayonusa wenzake.

Mchezo wa tisa, theluji ilianza robo ya tatu.
Palmer wa boila alikuwa na redio, ikakoroma, ikafa.
Tulijua tumeshinda kwa mabomba:
miguu huko juu ilitikisa chuma mpaka kutu ikadondoka
kwenye beseni langu la shuka nyeupe.
Walipiga kengele ya kanisa hadi saa nane usiku,
wakachoma banda la kuku la mkuu wa chuo
(kuku walitolewa kwanza, nasikia).

Magunia yakashuka. Nikaitafuta arobaini na tatu.

Ilikuwa na tope.

Nikaiweka chini ya taa. Kifua: safi.
Magoti ya suruali yake: safi.
Hakucheza, basi, hata dakika ile ya mwisho
ambayo hata mtoto wa mchungaji hupewa.
Nikaigeuza.
Mgongoni, viganja viwili vya udongo mweusi,
vidole kumi vimetanuka, kidole gumba kimoja kimeburuzwa
hadi karibu na kola.
Mtu mwenye mikono mikubwa alikuwa amemkumbatia
na hakuwa na haraka ya kumwachia.

Niliitundika kwenye msumari usiku ule, sikuifua.
Asubuhi nikaishusha. Jezi hazikuwa zangu.

Mwaka uliofuata tulifungwa mara sita,
na madoa yalikuwa yaleyale.

Lakini asubuhi ile nilifua taratibu, kwa mkono,
na maji yalitoka meusi,
kisha kijivu,
kisha kama chai ya maziwa,
kisha kama maji.