Mwezi wa Sare

Januari hapa Luanda haina utani.
Wazazi wanakuja na vitambaa mabegani,
kijani cha shule ya kilimani, buluu ya shule ya mtoni,
nami Kasandi, fundi wa miaka ishirini na mitatu,
siwezi kupitisha uzi tunduni.
Mkono unacheza kama kifuniko cha sufuria ya chai.
Uzi kushoto kwa tundu, uzi kulia,
hadi namwita Vugutsa, mtoto wa jirani,
anapitisha mara moja, kisha ananitazama
kama mtu aliyesahau jina langu.

Nilianza kwa kupunguza nguo zangu mwenyewe.
Gauni la kitenge: Agosti, sentimita mbili kila upande.
Oktoba, tatu. Krismasi nililikata upya,
mabaki yakatosha foronya ya mtoto.
Na kula nilikuwa nakula!
Ugali wa wimbi, mrenda, omena,
kisha ukoko naukwangua nikiwa nimesimama.
Sokoni wakahesabu mifupa yangu,
wakataja ugonjwa kwa kunong'ona
kama bei ya kitu cha wizi.
Mama mkwe akaona shingo, akasema ni rovu tu,
nyanya yake alikuwa nalo, alizikwa nalo, miaka tisini.
Ambetsa, mume wangu, yeye aliona hasira:
nilimrushia mwiko kwa kuwa anatafuna kwa sauti.
Mvua ya mawe juu ya bati,
na mimi nje, natafuta upepo.

Lakini habari ya moyo sikumwambia mtu.

Kwanza ulikimbia tu, na mbio nazijua,
hata cherehani hukimbia kwenye mshono mrefu wa pazia.
Kisha ukaacha kulingana.
Tatu za haraka. Kimya. Moja.
Nne zinazokanyagana kama watoto langoni kengele ikilia.
Kimya tena, kirefu,
nimeshika ukingo wa kitanda,
ngoja,
ngoja,
ndipo likaja pigo zito, robota la mitumba
likitupwa chini kutoka juu ya lori.

Kisumu, pale Russia, Sista Nekoye
alinibandika vibandiko kifuani, vya baridi,
baridi ya kwanza niliyoionja tangu Agosti.
Mashine ikatema utepe wa karatasi.
Daktari, kijana, koti lake limefumuka pindo,
akaunyosha mezani. "Huu hauna mpangilio."
Sikuhitaji kuelezwa. Nimefundisha wanagenzi tisa.
Naujua mshono wa anayekanyaga pedali
macho yako barabarani:
hatua ndefu, fupi, iliyorukwa,
na uzi umejisokota chini, jicho lisikofika.

"Kosa si la moyo hasa," akagusa shingo yake mwenyewe.
"Ni tezi hii, tezi dundumio. Inafanya kazi kupita kiasi,
inauamuru mwili wote ukimbie."
Dundumio.
Nani alikipa jina lenye ngoma ndani yake
kidude kidogo hivyo, umbo la kipepeo,
mahali ninapozungusha tepu kila siku
nikiandika kola, kumi na tano, kumi na tano na nusu,
bila kuuliza humo kuna nani?

Vidonge vya kuituliza tezi. Vya kuutia moyo lijamu.
Vya damu, isije ikaganda
katika chumba cha moyo kinachopapatika
ikasafiri hadi ubongoni.
Hilo alilisema polepole, mara mbili,
na Ambetsa, asiyeogopa nyoka, akavua kofia.

Sasa ni Machi. Sare zilichelewa,
wengine walihamia kwa Indoshi karibu na stendi. Sawa.
Mkono umetulia kiasi cha kutunga vifungo.
Moyo bado huruka hatua, hasa mlimani, nikibeba maji.
Natua ndoo. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
nasoma: sawa, sawa, sawa,
na... sawa.

Gauni la kitenge limeanza kunibana kwapani.
Nimelifumua upande mmoja.
Ule mwingine nimeuacha kwanza.