Uzi Shingoni mwa Dumu

Weka daftari chini, Toyi. Ufuko huu hausomwi kwa wino.
Nawa mikono kwa maji matupu, usiguse sabuni ya harufu,
kaa hapa Kibirizi, kati ya mizani na ukuta,
nikufundishe nchi kwa kijiko.

Uzi mwekundu ni Mwamgongo.
Kule mlima umesimama nyuma ya nyumba kama mdai,
jua halifiki migombani
mpaka kengele ya shule ilie mara ya pili.
Ndizi zao haziivi, zinakubali tu yaishe.
Ndiyo maana pombe yao nyepesi:
inaingia kwa adabu, inapiga hodi,
halafu ukitaka kuinuka
unakuta imekalia miguu yako.

Wa kijani ni Kalinzi. Si ufuko, najua,
lakini matope ya Kalinzi hushukia kwetu kila masika,
basi na pombe yao tunaihesabu.
Wanavundika ndizi shimoni, wanazikamua kwa nyasi,
wanatia mtama uliokaangwa,
kisha wanamimina kwenye mtumbwi.
Usicheke. Ni mtumbwi kweli, gogo lililochongwa,
ila haujapata kuona ziwa.
Bibi yangu alikuwa nao mmoja.
Alisema huo ndio mtumbwi pekee
unaozamisha wanaume bila kutoka jikoni.

Mweusi: Ilagala.
Hapo Malagarasi unaingia ziwani umechoka,
na michikichi imesimama miguu ndani ya tope lake.
Tembo lao ni zito. Saa moja asubuhi ni mtoto,
saa sita limeshajibizana na mfuniko,
jioni ni siki, mpe mama anayekaanga migebuka.
Tembo la Ilagala halina kesho.
Ukiliuza kesho umeuza jina langu.

Wa njano unatoka mbali, kusini, Buhingu na kupita,
wanzuki ya Watongwe.
Inafika na boti ikiwa imetikiswa usiku kucha,
iache itulie kama mgeni aliyetapika njiani.
Kwanza utamu. Kisha moshi wa mzinga.
Mwisho kabisa, nyuma ya ulimi,
uchungu mdogo wa gome la mti,
kama neno ambalo mtu amelimeza.

Mimi sinywi tena. Daktari wa Maweni
alinichorea tumbo langu kwenye karatasi,
akaweka alama tatu za vidonda.
Naonja, natema, nauza.
Mwanzo nilitema kwa huzuni.

Sasa hili hapa, lisilo na uzi.
Ni la Gwasa. Kila mwezi analeta moja,
kila mwezi namkata nusu ya bei,
maana lina kasoro nisiyoijua jina
na nimesema ni uvivu, hasafishi vyombo.
Miaka sita nasema hivyo. Onja.

Toyi akaonja. Akafumba macho kama anayetafuta ufunguo.
— Ndizi za kwao, shangazi. Za mlimani.
Halafu kuna chumvi.

Ziwa letu halina chumvi, mtoto wewe.
Unakunywa humo tangu kuzaliwa.

— Najua. Lakini ipo. Chini kabisa.

Nikachukua kijiko. Nikaonja, sikutema.
Ikashuka juu ya alama zote tatu
nami nikaiacha ishuke:
Uvinza. Gwasa alihamia Uvinza,
mchana anachota maji ya chumvi,
na dumu ni hilo hilo, maskini, ana dumu moja,
anaziloweka mvua, anazisugua mchanga,
na chumvi haitoki.

Miaka sita, nusu ya bei.

Nipe hilo daftari, Toyi.
Hapana, usifute kitu.
Tafuta ukurasa wa madeni
uandike jina langu juu, la Gwasa chini.
Kisha nenda kwa fundi cherehani pale Gungu,
mwulize kama ana uzi mweupe.