Zamu ya Saa Tisa Usiku

Juu ya paa la maktaba, Ohio, baridi ya Februari,
tunahesabu ndege ambazo haziji.
Opal ana darubini; mimi nina daftari
na kalamu ninayoipasha moto kwapani
wino usigande.

Mchana tulikunja bendeji mia mbili na kumi,
tukala viazi, tena viazi,
tukafanya mtihani wa kemia kwa vidole vinavyonuka dawa.
Soksi za hariri zimegeuzwa miavuli ya askari,
nasi twajichora mshono miguuni kwa penseli ya nyusi,
tukicheka mstari unapokwenda upogo.

Jumanne telegramu ilimfuata Opal bwenini.
Kaka yake. Bahari gani, haikusema.
Mlezi wa bweni akamwambia: lala, mwanangu,
zamu yako atashika mwingine.

Saa tisa nikasikia ngazi zikilia.
Alipanda na koti la marehemu, mikono ikimpita vidole,
akaipokea darubini bila salamu
akaipekua mbingu, pembe hadi pembe,
kama atafutaye sindano aliyoiangusha mwenyewe.

"Andika," akasema.
Niandike nini?
"Kama jana. Hakuna."

Wino ukaganda. Likabaki "Haku",
nami sikulimalizia.