Ukurasa wa Arobaini

Kitabuni mwao nimo mstari mmoja:
"Mjakazi akaleta kahawa, akatoka."
Sikutoka.
Nilisimama nyuma ya pazia, dele likiniunguza kiganja,
nikamsikia Bwana Seifu akimwapia Bi Zuwena
kwa maneno yaleyale aliyoninong'oneza mimi
ghalani Bagamoyo, juu ya magunia ya mbata.

Wasomaji humlilia Bi Zuwena.
Haya, mlilieni.

Ila yule mtoto anayekufa sura ya tisa,
"wa mtumishi," basi, hana jina,
nilimwita Chausiku.
Nilimzika mwenyewe nyuma ya ua, mtaani Dunda,
nikichimba kwa upawa wa uji
kwa kuwa majembe yalikuwa shambani.

Mimi waliniita Zafarani.
Jina la kwetu mwandishi hakuuliza.
Na kahawa ya kesho yake
niliitemea mate.