Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Alikuja dukani kwangu, Igoma, siku umeme ulipokatika mara tatu,
Koplo mstaafu Luhende Nkwabi,
mguu mmoja ukibisha hodi sakafuni kabla ya mwenzake.
"Binti, kuchapa barua bei gani?"
Elfu moja ukurasa, nikamwambia, kopi mia.
Akatoa daftari la shule lenye picha ya twiga,
mwandiko umesimama wima, kama uko gwarideni.

YAH: OMBI LA KUSIKILIZWA KUHUSU BANGI.

Vidole vyangu vikagoma. Nikachungulia mlango.
"Chapa tu," akasema. "Herufi hazifungwi jela."

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni askari niliyeapa.
Mwaka ule tulipelekwa milimani, upande wa Mara, na mapanga,
tukafyeka tangu umande hadi adhuhuri,
tukachoma, tukakaa upande ambao moshi hauendi.
Mama mmoja alisimama pembeni kajishika kiuno,
hakulia, hakututukana,
alihesabu tu mashina kama mtu anayehesabu ada.
Nilipewa cheti cha utendaji bora. Nimekiambatanisha.

Kisha Kongo. Kofia ya buluu.

Hapo daftari liliruka mistari minne.
Nikamuuliza, niziunganishe?
"Acha hivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa."

Mguu ulirudi na vyuma, usingizi haukurudi.
Vidonge nilivyopewa viliniweka chini
kama sangara sakafuni mwa mtumbwi, jicho wazi.
Mke wangu Nyanzobe alihamia chumba cha watoto
usiku ule nilipomkaba nikidhani ni msitu.
Shangazi Kabula wa Nansio ndiye aliyenichemshia
majani aliyokuwa akiwapa kuku wenye kideri.
Nilikunywa na aibu yangu, kikombe kimoja.
Sikuona malaika. Nililala saa sita.
Nikaamka, nikasikia jogoo,
nikajua ni jogoo.

Kopi kumi. Akalipa kwa sarafu, akazipanga mezani mbili mbili.

Mkutano wa mtaa ulikuwa wa takataka na bomba la maji.
Alisubiri mpaka mengineyo.
Wakacheka kabla hajamaliza jina lake;
kuna kijana alipiga saluti ya mguu pande,
tangu siku hiyo wanamwita Koplo Msuba.
"Sisemi watoto wavute," akasema.
"Nasema wenye elimu waupime huu mmea,
na mwenye maumivu asifungwe pingu moja na mwenye ghala."

Akainuka Mama Lugoye, muuza dagaa wa Kirumba.
Mwanawe yuko Butimba, kwa kete moja.
Hakupiga kelele.
"Koplo, ulipokuwa unafyeka, hukujua haya?"

Feni ilikuwa imezimika. Tulisikia ndoo ya mtu ikidondosha maji.
"Nilijua kufyeka," akajibu.

Sijui kama hilo lilikuwa jibu.
Mama Lugoye alimtazama muda mrefu,
kisha akaomba kalamu. Hakuna aliyekuwa nayo,
akachovya dole gumba kwenye wino wa mhuri wa mwenyekiti,
na kwenye karatasi, kando ya dole,
likabaki gamba moja la dagaa, linang'aa.

Sasa ni miezi saba. Barua ina mhuri, IMEPOKELEWA,
na haina kingine.
Polisi wawili walipita kuuliza nani aliichapa.
Nikawaonyesha mashine.
Kila Jumatatu anakuja, mguu na mwenzake,
anataka kopi nyingine: za Mabatini, za Igogo, za mwaloni.
Mia ni mia, najua, lakini tangu Machi sijamtoza.

Mimi sijasaini. Nina leseni ya biashara, nina mtoto.
Ila nimeihifadhi barua yake kwa jina la MAPISHI YA KEKI,
na umeme ukirudi, kabla ya kazi ya mtu yeyote,
hilo ndilo faili ninalofungua kwanza
kuona kama bado lipo.