Hodi ya Mto

Zamani mto huu ulibisha wenyewe.
Ulishuka na matope ya nchi nne,
na magome ya mikaratusi, na magogo,
na mara moja na jokofu la mtu, mlango wazi,
ukafika hapa Goolwa, ukasema hodi
kwa sauti ya kifua kipana,
na bahari ikajibu karibu.
Walipokutana palikuwa na maji yasiyo ya huyu wala yule,
ya chumvichumvi, rangi ya chai iliyosahauliwa,
na humo samaki walileta watoto wao
kama watu wanavyopeleka watoto kwa bibi.

Mimi nililipwa kuubishia.
Usiku, mtambo wa kufukua, taa mbili, kriketi redioni,
bomba likinyonya mchanga hapa na kuutapika kule,
na bahari ikiurudisha kabla sijamaliza kikombe.
Miaka minane.
Mto umelala nyuma ya kuta zake,
hauna nguvu ya kusukuma mlango wake mwenyewe.
Na mgeni asiyepigwa hodi huja kugeuka mwenyeji:
bahari ilipita chini ya kuta, ikapita nyufani,
ikakaa ziwani, ikavua viatu.

Ndipo Imogen wangu, miaka tisa,
akaanza kutoka nyumbani na kisu cha siagi.
Mwalimu wao aliwapanga ufukweni, kila mtoto na kobe wake.
Minyoo ya chumvi ilikuwa imejenga juu ya magamba
vijumba vya chokaa, ghorofa juu ya ghorofa,
mpaka kobe hawezi kurudisha kichwa ndani,
mpaka anazama kwa uzito wa wapangaji.
Nilidhani chumvi ni kitu cha kuyeyuka tu.
Kumbe ni fundi mwashi.
"Baba, leo nimempunguzia mmoja kilo nzima!"
Na vidole vyake vimekatikakatika,
hataki plasta.

Shemeji Anselm analima lozi huko juu,
siku tano za maji kutoka kwetu, maji yakitaka kuja.
Alinipigia simu: tone linalofika baharini limepotea bure.
Nikamwambia, na damu inayofika kidoleni?
Akanyamaza. Akauliza mtoto hajambo.
Krismasi akatuma kasha la lozi.
Tulizila. Zilikuwa tamu, sitasema uongo;
nilitafuna mto wangu
kwa meno yangu mwenyewe.

Mvua ikaja kunyesha mbali, kwa watu tusiowajua.
Hapa anga lilikuwa jeupe kama sahani.
Wiki zikapita. Gazeti likasema yanakuja.
Hatukuamini gazeti.
Usiku mmoja wa Oktoba bomba likaanza kukohoa:
linanyonya, halipati mchanga.
Nikalisogeza. Hakuna.
Nikamulika kurunzi, nikaona ukingo unamong'onyoka
wenyewe, taratibu, kama mkate kwenye chai,
na maji ya kahawia yanapita mbele yangu
bila kunisalimu.
Haddrill, msimamizi, akazima injini.
Tukasikia kitu ambacho mtambo ulikuwa umekifunika
kwa miaka minane.
Alivua kofia. Mimi nilikuwa sina kofia,
nikashika nywele.

Asubuhi yake nikaachishwa kazi na mto.
Sijawahi kufukuzwa kwa heshima hivyo.

Mambo hayakurudi yote. Kusini mwa rasi
bado kuna maji makali ambayo nyasi hazijayasamehe.
Vitwitwi wametoka Siberia, wachache,
wanachokoa tope kama watu wanaotafuta funguo.
Lakini jana mvuvi mmoja jirani, Bi Lorna Skewes,
aliinua wavu akaona vichanga vya samaki,
urefu wa kucha, wengi, akaurudisha haraka
kama aliyefungua chumba cha wazazi.

Kisu kimerudi kwenye droo ya jikoni.
Kina pengo karibu na ncha.
Kila asubuhi nikipaka siagi
kinaacha mstari mmoja usio na kitu,
na Imogen, ambaye sasa ananizidi kimo,
huwa anachagua kipande hicho.