Mpangaji na Kiwanja

Umekuja na pesa za miwa, Kagoya,
umezifunga kwenye leso mafundo mawili,
unaniuliza mimi fundi wa Walukuba
ukanunue kinanda gani.
Kalia hiyo spika. Imeshakufa, haitalalamika.

Hiki hapa wanakiita arenja.
Mimi nakiita mpangaji,
na jina linakaa mara mbili:
hupanga muziki, na amepanga nyumba.
Weka vidole vitatu vya kushoto:
mpiga ngoma ameingia, besi limeshavua viatu,
wapiga tarumbeta wako mlangoni wanauliza wakae wapi.
Ukihamisha kidole, wote wanahama nawe.
Bibi harusi akikwama Bugembe kwa ajili ya zipu,
unazungusha wimbo uleule mpaka atokee,
kisha kitufe kimoja, na bendi nzima inanyamaza
kama watoto waliosikia gari la baba.
Ila kuta si zako.
Rumba iliyomo ilipakwa rangi na mtu
asiyejua Jinja iko upande gani wa mto,
na nyumba kumi mtaani zina rangi hiyohiyo.

Wakstesheni ni kiwanja.
Unawasha: nyasi.
Ngoma uweke wewe, besi juu ya ngoma,
juu yake sauti, na juu yake tena sauti,
na kosa la saa mbili usiku
utalisikia saa nane, ukiwa umeshaezeka.

Waiswa, mdogo wangu, alikibeba chake hadi kijijini
akarekodi embaire, kibao kwa kibao. Miezi minne.
Umeme, nasi tunaolala kando ya bwawa,
ulikatika kabla hajahifadhi;
kibao cha tisa kikaenda na maji.
Akarudi kukiomba upya.
Siku aliponipigia, nikasikia ile sauti
inayoishi kati ya kidole cheupe na cheusi,
ambayo piano haijawahi kuipa kiti.
Niliweka chini chuma cha kulehemu.
Kikaunguza meza. Alama ile pale.

Lakini Waiswa huyohuyo, kwenye kwanjula ya Iganga,
shangazi wamesimama mlangoni, mshereheshaji ameshatoa ishara,
yeye bado anatafuta faili.
Shangazi waliingia kwa makofi matupu.

Usiniambie vipo vya siku hizi vinavyofanya yote.
Bata naye anaogelea, anatembea, anaruka;
muulize lini ameshinda mbio.

Mimi? Nalipa kodi hapa mwaka wa ishirini na mbili,
na taa inawaka, na wateja wanajua mlango.
Pia nina kiwanja Mafubira.
Matofali yameota kuvu.
Jumapili naenda, nasimama
pale mlango utakapokuwa.

Sasa niambie. Jumamosi una harusi, hilo najua.
Jumatatu je, vyombo vikishaoshwa,
hiyo mikono huwa inataka nini?

Usijibu haraka. Fungua fundo moja kwanza.